Subira ya Samaki Wanne

Chini ya picha ya furukombe, kucha zimezama majini na matone yametapakaa kama shanga, bwana mkubwa ameandika: "Subira, jamani. Subira." Mimi nilikuwa naye kwenye boti moja, Ziwa Naivasha. Subira yenyewe haikufika nusu saa, ila ilikula samaki wanne.

Samaki wa kwanza alikufa zamani zake. Nahodha alimshindilia kipande cha funjo ndani ili aelee, akapiga mluzi, akamrusha. Furukombe, ambaye mluzi huo anaujua kuliko jina la mamake, akang'oka mtini.

Kamera yenye lenzi ya milimita 600 ikalia mfululizo kama cherehani. Tukatazama mavuno: maji. Samaki wa pili: mawingu. Wa tatu: mkia, tena mkia wenye ukungu, kwa kuwa bwana aliiacha shata kwenye 1/250 ya sekunde, wakati ndege anayepokonya samaki kwa kasi ile hutaka 1/2000 au zaidi. Nahodha, ambaye kamera hana, ndiye aliyemwambia aongeze kasi. Akaigeuza boti jua liwe mgongoni kwetu. Kisha akamnong'oneza: "Mzee, mwangalie ndege. Akiinama mbele na kujisaidia, weka kidole tayari, anaruka."

Samaki wa nne akarushwa. Ndege akainama. Akajisaidia. Picha ikapatikana.

Jina la nahodha halimo kwenye maelezo. Samaki nao hawamo. Lenzi imetajwa, pamoja na bei yake.