Kanga Mlangoni, Mwenyewe Dukani

Hakuna anayesingiziwa katika nchi hii kuliko mtandao. Pesa haitoki dirishani: mtandao. Risiti haichapwi: mtandao. Mzee kapanga foleni tangu saa mbili asubuhi, akifika mbele anaambiwa kwa sauti ya kumliwaza, "Shikamoo mzee wangu, mtandao unasumbua," naye anarudi kwenye benchi akiukodolea macho ukuta kana kwamba mtandao umejificha nyuma ya rangi. Sisemi nyaya hazikatiki, zinakatika sana. Ninachodai ni kwamba si mara chache nyaya huwa nzima, seva inapumua vizuri, na kilichokwama ni kufuli moja tu ndani ya hifadhidata, tena limeshikwa na mchakato ambao saa hiyo haufanyi kazi yoyote. Kikulacho ki nguoni mwako, ila nguo zenyewe hatuzikung'uti.

Asiyeijua hifadhidata aiwaze nyumba ya kupanga yenye vyumba vinane na bafu moja. Anayeingia kuoga hutundika kanga juu ya mlango, na kanga ile ni sheria. Hata mwenye nyumba akiiona anarudi na ndoo yake. Muamala unaotaka kubadilisha salio lako hufanya vivyo hivyo: hutundika kanga kwenye mstari wa salio, hubadilisha, huthibitisha, hushusha kanga. Mambo yakienda sawa, yote hayo huisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na aliyesubiri hata hajui kuwa alisubiri. Balaa huanza pale mpangaji anapotundika kanga, akakumbuka hana sabuni, akatoka kwenda dukani, na huko akakuta watu wanabishana kuhusu Simba na Yanga. Nyumbani ndoo zinazidi kujipanga, na kila mwenye ndoo anaamini kwamba humo ndani kuna mtu msafi kupindukia.

Msimamizi wa hifadhidata ana dawa ya fumbo hili: orodha ya michakato. Kwenye PostgreSQL inaitwa pg_stat_activity, nayo huonyesha namba ya kila mchakato, mtumiaji wake, hali yake, unachosubiri, na swali lake. Msimamizi mgeni huifungua na kumsaka anayepiga kelele, yaani mchakato unaokula prosesa, ili amtoe. Kumbe huyo huenda ndiye pekee anayefanya kazi mle ndani! Walioandikwa kuwa wanasubiri kufuli nao hawana kosa, ni wenye ndoo. Wa kutafutwa ni yule ambaye hali yake inasema hana shughuli ila bado yuko ndani ya muamala. Huyo katulia kama maji ya mtungini, hali prosesa, halalamiki. Ukimtazama kwenye safu ya swali unakuta kauli yake ya mwisho tu, pengine ya kuchungulia kitu kidogo kisicho na madhara. Kauli iliyotundika kanga ilishapita zamani. Ndiyo maana toleo la 9.6 la mwaka 2016 lilileta pg_blocking_pids: unaipa namba ya anayesubiri, inakutajia wanaomzuia. Ukikuta anayezuia naye anazuiwa, unamfuata wa mbele yake, hadi umfikie asiyemsubiri yeyote. Huyo ndiye aliyeko dukani.

Tena si lazima awe amebadilisha kitu. Katika PostgreSQL anayesoma hamzuii anayeandika, lakini aliyesoma jedwali akasahau kuufunga muamala wake hubaki na kijikufuli chepesi. Sasa aje fundi anayetaka kubadilisha umbo la jedwali, kama kuondoa safu. Kazi yake inadai nyumba nzima itoke, kwa hiyo anamsubiri aliyesahau. Na kwa kuwa foleni ina heshima zake, wote wanaokuja baadaye, hata wa kuchungulia tu, wanajipanga nyuma ya fundi. Mtu mmoja aliyechungulia na kusinzia ameifunga nyumba, na lawama zote zinamwangukia fundi mwenye nyundo mkononi ambaye hajapiga hata msumari mmoja.

Mwenye hasira atauliza: kwa nini makufuli yasiondolewe kabisa? Tuyaondoe, kisha tuhesabu. Salio ni shilingi 10,000. Baba anatoa 8,000 kwa wakala mmoja, mama anatoa 8,000 kwa mwingine, sekunde ileile. Miamala yote miwili inasoma 10,000, yote inaridhika, yote inaandika kuwa zimebaki 2,000. Familia imetoka na 16,000 na bado ina akiba. Muujiza huo utaipendeza kila nyumba, lakini benki itafunga milango kabla ya Ijumaa. Jim Gray na wenzake wa IBM walilieleza jambo hili kwa kina mwaka 1976, na mwaka 1998 Gray akapewa Tuzo ya Turing kwa kazi yake juu ya hifadhidata na miamala. Kanga haina kosa. Kosa ni la aliyeiacha ikining'inia.

Mwingine atasema mashine imeshawekewa muda wa kusubiri, basi ijitatulie yenyewe. Hapo ndipo penye kichekesho. Kwa mipangilio inayokuja nayo hifadhidata ya MySQL, anayesubiri kufuli la mstari kwenye InnoDB, injini yake ya kuhifadhia data, huvumiliwa sekunde 50, kisha hurudishwa na kosa. Muunganisho uliolala bila kusema neno huvumiliwa sekunde 28,800, yaani saa 8, siku nzima ya kazi ya ofisini. Anayesubiri anafukuzwa kabla hajamaliza dakika; aliyelala anaachwa mpaka muda wa kutoka kazini, na haijalishi kama ameshika kufuli. PostgreSQL nayo inayo saa ya kumwamsha anayesinzia ndani ya muamala, ila inakuja ikiwa imezimwa. Saa ya ukutani isiyo na betri haijapata kumwamsha mtu.

Basi tumuue tu? Amri ipo, na kuna siku ndiyo dawa pekee. Lakini kwenye InnoDB anayeuawa lazima kwanza atenguliwe yote aliyoyafanya, na kama alishabadilisha mamilioni ya mistari, kutengua kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kutenda. Foleni inaendelea kusubiri huku marehemu akifungasha mizigo. Na hata akiondoka, kesho atarudi kwa namba nyingine, kwa sababu programu iliyomzaa haijabadilika. Ni ile programu inayofungua muamala pale ofisa anapofungua fomu, inatundika kanga, kisha inamngoja abonyeze kitufe. Ofisa ametoka kunywa chai ya saa nne. Koti liko kwenye kiti, kuonyesha kwamba yupo.

Kwa hiyo orodha ya michakato hutuambia wa kumwondoa leo, lakini kinachopaswa kuandikwa upya ni mwenendo wa programu. Muamala usimngoje binadamu katikati ya safari. Kila kinachohitaji jibu lake kikusanywe kabla. Yaani nunua sabuni kwanza, ndipo utundike kanga. Na siku sabuni itakaposahaulika tena, yule mzee kwenye benchi aambiwe ukweli: "Mzee wangu, kuna mtu katundika kanga akaenda dukani, tumetuma wa kumwita." Mtandao hajawahi kuuona. Bafu la nyumba ya kupanga amelipangia foleni ujana wake wote.