Vitatange wa Sebuleni

Ndugu msomaji, kama una mke, watoto, mama mzazi unayeishi naye na shemeji anayefanya kazi Dar es Salaam, hutashangaa kusikia kwamba hapa Chemba, huku kwenye alizeti na mtama, sebule yangu ina tangi la maji ya chumvi. Kama bado huna watu hao, soma taratibu. Yatakufika.

Tangi lililetwa na shemeji yangu. Namwita Bandari, kwa kuwa kila shehena ya mjini hupitia mikononi mwake. Aliwaonyesha watoto picha za samaki waitwao vitatange kwenye simu, na kabla ya chakula cha jioni nyumba ilikuwa na kambi tatu.

Injinia, mwanangu mkubwa, alimtaka Pomacanthus imperator. Akiwa mchanga samaki huyo ni buluu nzito, na pete nyeupe zimezungushana ubavuni. Akikua anavaa mistari ya njano na kufika sentimita 40. Mimi nilikuwa na Pomacanthus semicirculatus, na sababu yangu ilikuwa kisa cha Unguja. Michoro myeupe ya mkiani mwa samaki huyo hujikunja hata ikafanana na herufi. J.L.B. Smith, bingwa wa samaki wa Afrika Kusini aliyempa silikanti jina lake la kisayansi mwaka 1939, aliandika habari za mmoja aliyeuzwa Zanzibar, watu wakasoma mkiani mwake "La ilaha illa Allah", na bei ikaruka kutoka vijisenti hadi maelfu ya rupia. Mimi Mrangi, niliyelelewa na adhana ya alfajiri, nimwache samaki wa namna hiyo?

Kitinda mimba wetu, tunayemwita Mwisho wa Reli, alimtaka yule mdogo mwenye mgongo wa rangi ya chungwa na ubavu wa buluu, Centropyge acanthops. Huyo ni mwenyeji wa mwambao wetu wa Afrika Mashariki, na ukubwa wake hauzidi sentimita nane hivi. Hakuna aliyemsikiliza mtoto.

Kwanza lakini maji. Mama yangu aliuliza kwa nini tununue chumvi ya pakiti kutoka Dar wakati kisima chetu kinaharibu hata chai. Ni swali zuri, na nilimjibu kwa heshima: maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, tena ni mchanganyiko wake maalumu wenye magnesi, kalsiamu na potasi kwa vipimo. Chumvi ya kisima ina mchanganyiko wake mwingine kabisa. Kwa hiyo tunakinga maji ya mvua kwenye simtanki, tunakoroga ile ya pakiti, tunapima. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia Injinia, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu humwita mume wake: "Mume wangu, baba yako amechoka, mpelekee maji ya kunywa."

Kiangazi kikaja na upepo wake. Maji yanapungua kila siku, chumvi inabaki palepale, kwa hiyo unajazia maji baridi yasiyo na chumvi hata chembe. Mwisho wa Reli, kwa huruma yake, akawa anajazia maji ya kisimani. Kipimo cha uzito wa maji kilipanda kupita 1.025 na tukashinda siku nzima tukichota na kumwaga. Mke wangu, ambaye kwangu ni Hazina maana hakuna senti inayotoka bila saini yake, alipita sebuleni akainua pindo la khanga lisilowe. Hakusema neno. Ninyi wenye ndoa mnajua uzito wa kimya hicho.

Treni ya SGR ilipoanza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024, Bandari hakuwa na kisingizio tena. Samaki walifungwa kwenye mifuko yenye oksijeni ndani ya boksi la barafu lisilo na barafu, wakashuka Dodoma, wakapanda basi la Kondoa. Na kwa kuwa shemeji hapendi mtu yeyote alie, aliwaleta wote wawili: mfalme wa Injinia na wa kwangu wa maandishi, wachanga wote.

Vitatange wadogo wa jamii hii huvaa rangi tofauti kabisa na wazazi wao, na wataalamu wengi wanaona rangi hizo huwakinga na hasira za wakubwa wenye himaya. Tatizo ni kwamba wachanga wa aina hizi mbili wanakaribia kufanana: buluu kwa buluu, nyeupe kwa nyeupe. Kila mmoja alimwona mwenzake mvamizi. Walijipanga ubavu kwa ubavu, mapezi yamesimama, wakazungukana polepole. Kisha wangu akamrukia mwenzake, na kipande cha mkia kikaelea juu, chembamba, kinang'aa chini ya taa. Injinia alipiga yowe lililowatoa majirani.

Bandari akaleta kipande cha chandarua awatenganishe. Kitatange ana mwiba mkali kwenye kifuniko cha shavu; ukinasa kwenye wavu, kumnasua bila kumuumiza ni kazi. Mmoja wao alinasa. Hazina ndiye aliyeingia na mkasi wa kushonea, akakata uzi mmoja baada ya mwingine, mkono wake ukiwa umetulia kabisa, kisha akamteka samaki kwa bakuli la uji. Bakuli ndiyo njia yenyewe, na tangu siku hiyo wavu haugusi tangi letu.

Hazina akasoma hukumu palepale. Lita 300 hazimtoshi hata mmoja wao akikua, sembuse wawili, na tangi kubwa lingekaa mahali pa kabati lake la vyombo. Wote wawili warudi kwa muuzaji, na aje wa Mwisho wa Reli.

Amekuja. Anadonoa mwani kwenye mawe kutwa, anaingia pango hili na kutokea lile, na sasa Mama ndiye anayedai apewe mwenza. Nimemweleza kwamba samaki hawa huanza maisha majike, na mkubwa wa kundi hugeuka dume. Kwa hiyo tutafute mmoja aliye mdogo kuliko huyu, na siku ya kumtia tuyapange mawe upya ili mwenyeji asidai kila pango ni lake. Mama amekubali yote isipokuwa moja: mahari, anasema, atoe Bandari. Shemeji amesikia kwa simu, na boksi lake ameshaliosha.