Jinsi ya Kujaza Kadi ya Jicho Bila Kulitazama Jicho

Ni siku ya soko hapa Mikinduri, foleni imefika getini, na uko zamu peke yako. Anaingia mzee mkulima wa miraa, anapunga mkono usoni. "Daktari, kuna nzi ndani ya jicho. Nikimtazama anakimbia." Tulia, daktari mwenzangu. Kalamu inatosha.

1. Usiulize ni jicho lipi. Andika "macho". Kwenye misimbo yao ya magonjwa, Wamarekani wametenga H43.391 kwa nzi wa jicho la kulia, H43.392 kwa la kushoto na H43.393 kwa yote mawili. Watu wenye nafasi hao. Lakini hawakututupa: H43.399 ni ya daktari ambaye hakuuliza. Hiyo ikariri.

2. Usiulize nzi walianza lini, wala kama anaona vimulimuli au pazia pembeni. Maswali hayo yana njia ya kukufikisha H33, retina iliyochanika au kubanduka, na H33 ni rufaa ya haraka, na rufaa ni barua, simu na gari lenye mafuta. Jibanze H43. Ute wa jicho hulegea na umri, nyuzi zake zikatupa vivuli kwenye retina, na kwa wengi si hatari. Wewe shikilia hapo kwenye "kwa wengi".

3. Dawa ya kupanua mboni huchukua kama nusu saa, na ile tochi ya kuchungulia ndani ya jicho haina betri tangu juzi. Andika "retina: sawa", kwa mwandiko unaoweza kusomeka "haikuonekana" siku wakaguzi wakija.

4. Mpe kimrija cha tetrasaikilini. Haitafika kwenye ule ute hata akipaka mwaka mzima, lakini hakuna mzee anayekubali kutoka kwa daktari mikono mitupu, na wewe pia unapenda kuitwa daktari mzuri.

5. Mwisho wa mwezi, ile fomu ya ripoti, 705B, ina mstari wa magonjwa mengine yote. Mtupie humo. Na kwa kuwa tangu Oktoba 2024 ni SHA tunayoidai malipo ya bima ya afya, si NHIF tena, hakikisha kila kisanduku kina kitu. Kitu chochote.

6. Akirudi wiki ijayo akisema pazia limeshuka, nusu ya dunia ni giza, mkaripie kidogo, umwambie awahi Meru mjini. Kisha kwenye kadi, safari hii kwa mwandiko safi kabisa, andika: "Mgonjwa alichelewa kufika."