Prosesa Mpya, Uzee Uleule

Kila ofisi ina bwana mmoja ambaye ThinkPad T420 yake ya mwaka 2011 haijazeeka, “inataka prosesa tu.” Na kweli, ya mashine ile imekaa kwenye soketi, bisibisi inatosha kuing’oa. Basi bwana ananunua i7 ya mtumba yenye viini vinne, anaipachika palipokuwa na i5 ya viini viwili, kisha anashangaa feni inavuma kama mashine ya kusaga na betri inakata roho kabla ya chai ya saa nne. Windows 11 nayo haimtambui: inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Mwenzetu amepanda kutoka kizazi cha pili hadi kizazi cha pili.

Wenye laptopu za juzijuzi msicheke. Prosesa zenu zimechomelewa kwenye bodi. Fundi akiahidi “kubadilisha prosesa”, muulize kwanza bei ya bodi nzima.

Kumbe wakati wote huo diski ya kuzunguka, mchawi mwenyewe anayeifanya mashine iburute miguu, hakuna aliyemshuku. Mtoe, weka SSD, RAM ifike GB 8. Laptopu ikisinzia tena, nunua nyingine na umwache fundi apumzike.