Mpanda Ngazi Hushuka: Mwongozo wa Kwenda Everest na Kurudi

Mwongozo huu unafundisha kushuka. Kupanda utajifunza njiani.

Kilele cha Everest kiko mita 8,848.86 juu ya usawa wa bahari, na kila aliyekikanyaga alikuwa bado katikati ya safari. Pasang Lhamu Sherpa, mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika pale, alifika Aprili 1993, akafariki akiwa anashuka. Kwa hiyo shika masharti haya yote, pamoja na yale yatakayokuchekesha.

1. Usiuze shamba

Kibali peke yake, kwa msimu wa machipuko upande wa Nepal, ni dola 15,000 tangu Septemba 2025; kabla ya hapo kilikuwa dola 11,000. Bado hujalipia wapagazi, chakula, mitungi ya oksijeni, mahema wala bima. Kama fedha hiyo ni ya shamba la ukoo au ya mkopo, kaa nyumbani kwanza. Deni hupanda na mwenye nalo. Siku ambayo mwili utasema "geuka", deni litakusukuma mbele, na huko juu anayesukumwa na deni hufa.

2. Panda ghorofa na ndoo ya maji

Tafuta jengo lenye ngazi nyingi. Panda na ndoo, shuka nayo, mpaka majirani wazoee. Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka, kwa hiyo yazoeze hilo mapema. Kisha nenda Kilimanjaro ukajifunze kwa wagumu, wale wapagazi wetu, maana halisi ya "pole pole". Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kiko juu kuliko kambi ya chini ya Everest, ambayo ipo mita 5,364. Pale unapopigia picha ya ushindi Kilimanjaro, Everest ndiyo kwanza inaanza.

Wilfred Moshi, Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest, mwaka 2012, alitoka kwenye kazi ya kuongoza wageni Kilimanjaro. James Kagambi, Mkenya wa kwanza, alifika mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 62, baada ya miongo ya kufundisha wengine milimani. Wote wawili walikuwa wamezoea kuwarudisha watu nyumbani salama.

3. Mjue Juma wa huko

Washerpa ni kabila, si jina la kazi. Wengi wao hupewa jina la siku waliyozaliwa: wa Ijumaa ni Pasang, wa Alhamisi ni Phurba, wa Jumamosi ni Pemba. Wewe uliyekua na akina Juma na Khamis mtaani umeshapata ndugu. Na ukiwa Mpemba, una mazungumzo ya jioni nzima.

Uliza jina kabla ya kuuliza habari za kamba. Muulize ana watoto wangapi, na bima yake ikoje. Huko juu, ubongo wako ukiwa umelegea kwa kukosa hewa, mkono utakaokagua mtungi wako ni wake. Kami Rita Sherpa alikuwa amefika kileleni mara 31 kufikia Mei 2025. Kila safari ilikuwa siku ya kazi, na kwa kazi hiyo kuna mgeni aliyefikishwa.

4. Panda, ulale chini

Utapanda hadi kambi ya juu, uiguse, kisha urudi kulala chini. Kesho utapanda tena. Jirani yako atadhani umesahau kitu. Ndivyo damu inavyopata muda wa kuongeza chembe nyekundu, kwa sababu kileleni shinikizo la hewa ni kama theluthi moja tu ya lile la pwani.

Kila asubuhi tembea mstari mmoja ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Ukiyumba kama mlevi, huenda ubongo unavimba. Ukikohoa povu na kuhema hata umekaa, huenda mapafu yanajaa maji. Tiba ya kwanza ya yote mawili ni kushuka, saa hiyo hiyo. Usisubiri kupambazuke, wala usione aibu.

5. Heshimu ngazi

Juu kidogo ya kambi ya chini yako maporomoko ya barafu ya Khumbu. Barafu hiyo inatembea, inapasuka, na vipande vikubwa kama nyumba huanguka bila hodi. Kila msimu mafundi Washerpa huingia kwanza, wakafunga kamba na kulaza ngazi za alumini juu ya nyufa. Utapita usiku, jua likiwa halijailegeza barafu, na meno ya chuma ya viatu yatalia juu ya kila kipago.

Usiimbe ushujaa hapo. Tarehe 18 Aprili 2014 barafu iliporomoka ikaua wafanyakazi 16 wa Nepal, waliokuwa wakiandaa njia na kupandisha mizigo ya wageni. Wewe utapita mara chache. Mpagazi hupita tena na tena. Punguza mzigo wako. Kiti cha kukunja utakachokiacha nyumbani ni kilo ambazo hazitakuwa mgongoni mwa mtu mahali pale.

6. Beba choo chako

Tangu 2024 halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu, yenye jina la yule mama, inamtaka mpandaji atumie mifuko maalumu na ashuke na kinyesi chake. Kwenye baridi ile hakiozi, na theluji inayoyeyushwa kwa chai ya wengine ndiyo hiyo hiyo. Funga, weka begani, tembea kichwa juu. Ni adabu ya mgeni.

7. Tia saa yako nadhiri

Kabla ya kutoka kambi ya mwisho usiku, taja mbele ya wenzako saa ya kugeuka: saa nane mchana, tuseme. Ikifika, geuka, hata kama kilele unakiona. Mei 1996 baadhi ya watu walichelewa kupita saa hiyo, dhoruba ikawakuta njiani. Watu wanane walikufa.

8. Ukifika, usikae

Tenzing Norgay na Edmund Hillary walikaa dakika 15 hivi, tarehe 29 Mei 1953. Tenzing alizika peremende kwenye theluji kama sadaka. Walipoulizwa nani alitangulia, jibu lao la kwanza lilikuwa kwamba walifika pamoja. Fanya hivyo hivyo: shukuru, piga picha mwenzako awemo, angalia kipimo cha oksijeni, geuka.

9. Hesabu watu

Ukirudi kambi ya chini, usiandike bado kwamba umefika. Kaa mlangoni mwa hema la jikoni, hesabu wanaoingia kwa majina: Pasang, Phurba, mpishi, mpagazi wa mwisho. Mlitoka kumi? Wakitimia kumi, mwombe mpishi chai, kisha fungua daftari uandike.