Ondoa Balbu, Mlete Mama wa Duka: Mwongozo wa Mkuu wa Maudhui

Hongera. Umepewa cheo cha Mkuu wa Maudhui na Chapa katika akselereta, yaani programu inayochukua kampuni changa kumi au ishirini, inazipa mtaji kidogo, washauri na miezi michache ya kukimbizana, kisha inazisimamisha mbele ya wawekezaji zijinadi. Mkataba unasema utasimamia nembo, video, mitandao ya kijamii na siku ya maonyesho. Haukusema unamfanyia kazi nani, kwa hiyo nakwambia mimi: unamfanyia kazi mteja anayetafutwa na hizo kampuni changa. Mkurugenzi anakulipa mshahara, mfadhili anataka ripoti, mwekezaji anataka takwimu. Lakini akikosekana mama wa duka la rejareja kule Mbagala, yule anayetakiwa kuitumia huduma na kuilipia, chapa haipo, maudhui hayapo, na baada ya muda hata akselereta yenyewe haitakuwepo.

Vinavyohitajika: daftari, simu yenye kamera nzuri, viatu visivyoogopa vumbi, nauli ya daladala, mkebe wa bati uliotobolewa mfuniko, na moyo wa kumwambia bosi "hapana" kwa adabu.

Hatua ya 1: Malizana na nembo mapema

Nembo ni kazi ya wiki mbili. Mtafute msanifu mzuri, mlipe hela yake yote kwa wakati, chagueni rangi mbili na mwandiko unaosomeka hata kwenye simu iliyopasuka kioo, kisha mjadala ufungwe.

Chukua mfano wa Y Combinator, akselereta iliyoanzishwa mwaka 2005 huko Cambridge, Massachusetts, na Paul Graham, Jessica Livingston, Robert Morris na Trevor Blackwell. Nembo yake ni mraba wa rangi ya chungwa wenye herufi Y, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuuchora. Uzito wa mraba huo umetokana na waliopita pale. Kundi la kwanza lilikuwa na kampuni nane, Reddit ikiwa mojawapo. Baadaye wakaja Dropbox, Airbnb na Stripe. Kaulimbiu yao inawataka waanzilishi watengeneze kitu ambacho watu wanakitaka. Hata ikichapishwa kwenye fulana haipungui nguvu, kwa sababu ndicho kipimo wanachopimwa nacho wote wanaoingia.

Ukiona kikao cha tatu bado kinabishania bluu ya bahari na bluu ya anga, simama, washukuru wajumbe, watangazie kwamba kikao cha nne kitafanyika sokoni Tandale, saa kumi na mbili asubuhi. Bluu itapatikana siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Weka mkebe wa faini

Mkebe ukae katikati ya meza. Kila atakayeandika "suluhisho bunifu", "kuleta mapinduzi", "mfumo ikolojia" au "kugusa maisha ya vijana" atumbukize shilingi elfu moja. Mkurugenzi atoe mara mbili, kwa heshima ya cheo chake. Ukijaa, timu nzima ikale chipsi mayai.

Faini hii ni ya haki. Maneno hayo unaweza kuyabandika kwenye kampuni ya mbolea, ya bima au ya bodaboda, nayo yakakaa vilevile. Sentensi inayozifaa kampuni zote haijaeleza hata moja. Ukisoma "tunaboresha mnyororo wa thamani wa kilimo", muulize mwandishi ni nani, yuko wapi, anafanya nini leo ambacho jana hakukiweza. Atarudi na sentensi kama hii: "Mkulima wa nyanya wa Ilula anajua bei ya Dar es Salaam kabla lori halijapakiwa." Hapo mwekezaji ameelewa, na mkulima pia ameelewa.

Maneno mazuri ya kuuzia huduma huwa yanatoka kwa watumiaji wenyewe. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya kuanzia mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwarahisishia wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo yao. Wenye simu wakaanza kuitumia kwa mambo yao: kutumiana hela wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua rasmi Machi 2007, habari za marejesho ziliwekwa kando, na tangazo likawaambia watu watume pesa nyumbani. Kila aliyekuwa na mzazi kijijini alielewa bila semina.

Hatua ya 3: Mfuate mteja alipo

Hatua hii ndiyo inayobeba nyingine zote, kwa hiyo ipe siku nyingi kuliko zote. Kampuni ikishaingia tu kwenye programu, kabla hujaiandikia hata mstari mmoja, mwombe mwanzilishi akupeleke kwa wateja wake watatu. Kama hana watatu, akupeleke kwa huyo mmoja. Kama hana hata mmoja, umeshagundua habari kubwa kuliko zote; wapelekee washauri wa programu jioni hiyo hiyo.

Ukifika, usitoe kamera. Salimia, kaa kwenye ndoo utakayopewa, nunua soda. Kisha uliza jinsi alivyoanza, sio anavyoiona huduma. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Hii programu ya kuagizia mzigo, uliianzaje?"

"Kijana wa kampuni alikuja hapa mara ya kwanza nikamfukuza. Ya pili nikamfukuza. Ya tatu nikamwambia haya, niwekee. Sasa sipandi gari kwenda Kariakoo kila Jumanne. Jumanne duka liko wazi."

"Jumanne duka liko wazi" ni kaulimbiu ambayo hakuna aliyekaa ofisini Masaki angeweza kuitunga. Iandike kama alivyoisema na umwombe ruhusa ya kuitumia.

Waliofanikiwa walifanya hivi kwa miguu yao. Mapema mwaka 2009 Airbnb, mtandao wa kuwapangishia wageni nyumba, ilikuwa ndani ya Y Combinator, ikiingiza dola kama 200 kwa wiki. Waanzilishi waligundua kuwa picha za nyumba zilizotangazwa New York zilikuwa mbaya, nyingi zimepigwa kwa simu. Wakasafiri hadi huko, wakapata kamera nzuri, wakapita nyumba kwa nyumba wakizipiga picha upya nyumba za wenyeji wao. Mapato yakaongezeka maradufu. Paul Graham akaja kuandika mwaka 2013 kwamba kampuni changa inapaswa kufanya kwa mkono yale mambo ambayo ikishakuwa kubwa haitayaweza. Wewe unayeongoza maudhui, kazi yako mwanzoni ni hiyo hiyo: duka moja, mteja mmoja, hadithi moja iliyosikilizwa hadi mwisho.

Hatua ya 4: Fanya usafi kwenye picha

Fungua hifadhi ya picha za akselereta na uanze kufuta. Futa mkono ulioshika balbu. Futa watu saba wanaochekelea kompyuta mpakato moja. Futa hundi ya kadibodi kubwa kama mlango. Futa picha ya pamoja ambayo kila mtu ameinua dole gumba na hakuna hata mmoja anayefanya kazi.

Baada ya kufuta, anza kujaza: mikono inayofunga mzigo, dereva anayekagua risiti, mwanzilishi anayetafuta tatizo saa tatu usiku, mteja akiwa dukani kwake na si ukumbini kwenu. Mpiga picha awe wa mtaani hapo, anayejua jua la saa nne linavyoingia kwenye kibanda cha mabati, na alipwe kama mtaalamu.

Kuhusu ruhusa, kuwa mkali. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Mwaka huohuo wa 2023 kamishna wa data wa Kenya aliitoza shule moja faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Lakini hata faini isingekuwepo, sura ya mtu ni mali yake. Mweleze kwa Kiswahili picha itakwenda wapi, itakaa muda gani, na aombe vipi iondolewe. Akikataa, mshukuru na mmalize soda zenu.

Mgeni mkubwa akija, usimpigie picha chini ya bango. Mketishe kando ya mtu anayefanya kazi. Mark Zuckerberg alipofika Nairobi tarehe 1 Septemba 2016 alipita iHub, kitovu cha wabunifu kilichofunguliwa 2010 kwenye Barabara ya Ngong, na mchana akala samaki na ugali kwenye mgahawa wa Mama Oliech. Ugeni ule ulikuwa na maana kwa sababu kwa miaka sita iHub ilikuwa nyumba yenye watu ndani, wanaoandika programu, wanaokosoana, wanaokunywa kahawa. Jaza nyumba kwanza, mgeni atajipatia picha mwenyewe.

Hatua ya 5: Onyesha kitu kikifanya kazi

Video ya kampuni changa isianze kwa ndege isiyo na rubani ikipaa juu ya Daraja la Tanzanite. Ianze kwa kidole kikibonyeza kitu na kitu kikatokea. Mwaka 2008 Drew Houston wa Dropbox alirekodi video fupi, sauti yake ikieleza na skrini ikionyesha faili likihama kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Orodha ya waliosubiri huduma ikapanda usiku mmoja kutoka watu 5,000 hadi 75,000. Hakukuwa na muziki wa vita wala sauti nzito ya msimulizi.

Kwetu ongeza masharti matatu. Video iwe nyepesi, maana mtazamaji analipia kila megabaiti kutoka kwenye bando lake. Ieleweke hata sauti ikizimwa, kwa maandishi makubwa ya Kiswahili, kwa sababu anaitazama akiwa ndani ya daladala. Na iwe fupi kiasi cha kuwekwa kwenye stetasi ya WhatsApp, ambako shangazi mmoja mwenye watu wengi kwenye simu yake atakufikishia mbali kuliko tangazo la kulipia.

Hatua ya 6: Fanyeni mazoezi ya maonyesho kwa mama ntilie

Siku ya maonyesho inakuja, na waanzilishi wameandaa slaidi arobaini zenye mishale. Wapunguzie. Huko Y Combinator kampuni zilipokuwa nyingi, muda wa kila moja ulishuka hadi dakika moja, na bado wawekezaji wanaelewa. Kevin Hale, aliyewahi kuwa mshirika pale, alishauri kwamba slaidi isomeke, iwe rahisi, na maana yake ionekane papo hapo. Mtu wa safu ya mwisho, mzee aliyesahau miwani, aelewe.

Kisha mpeleke kila mwanzilishi kwa mama ntilie wa jirani wakati wa mapumziko ya wateja. Ajinadi kwa Kiswahili, dakika moja. Akimaliza, mama amsimulie mteja anayefuata kile alichosikia. Kama masimulizi yametoka sawa, kijana yuko tayari, na ataweza kusema yaleyale kwa Kiingereza mbele ya mwekezaji yeyote akiwa na lafudhi yake aliyozaliwa nayo. Kama mama amesema "wanauza intaneti, sijui, na kuku", rudini mezani. Msilaumu mama, hakuna mshauri atakayewapa majibu ya kweli kwa bei ya sahani ya wali maharage.

Hatua ya 7: Usiwafute waliofunga

Kampuni nyingine zitabadili njia. NALA, ya Mtanzania Benjamin Fernandes, ilipita Y Combinator mwaka 2019 ikiwa programu ya kurahisisha malipo ya simu nchini. Baadaye ikageukia kutuma fedha kutoka nje ya nchi kuja Afrika. Nyingine zitafunga kabisa. Sendy ya Nairobi, kampuni ya usafirishaji iliyokuwa imekusanya mtaji mkubwa, ilisimamisha shughuli mwaka 2023.

Jaribu litakuwa kuingia usiku kwenye orodha ya kampuni zenu na kuiondoa nembo ya iliyofunga. Iache. Andika kampuni ilianza lini, ilijaribu nini, ilifunga lini na mwanzilishi yuko wapi sasa, kwa ruhusa yake na kwa maneno yake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kijana anayejaza fomu ya maombi usiku wa leo anahitaji kujua kwamba akianguka hamtajifanya hamkuwahi kumfahamu. Mwekezaji naye, akiona mnasema ukweli kuhusu waliofunga, ataamini mnachosema kuhusu waliosimama. Imani hiyo hainunuliki kwa bajeti yoyote ya matangazo.

Kipimo

Mwisho wa mwaka utaulizwa wafuasi wangapi na watazamaji wangapi. Wape namba hizo. Ni haki yao. Lakini kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti tanguliza mbili nyingine: wateja wangapi walizifikia kampuni kupitia kazi yenu, na wangapi bado wako. Zikiwa ndogo, ziandike hivyo hivyo zilivyo, kisha eleza mtafanya nini Januari.

Usisononeke wateja wakilijua jina la kampuni changa bila kuwahi kulisikia jina la akselereta. Waanzilishi wanajua ni nani aliyeketi nao kuitafuta ile sentensi moja ya kweli, nao ndio watakaowatuma wenzao mlangoni kwenu. Kwa hiyo kwenye bango lijalo, andika jina la kampuni kwa herufi kubwa, la akselereta kwa herufi ndogo pembeni, na upeleke kazi kwa mchapaji leo kabla hajafunga.