Mahindi ya Nguruwe

Kwa mujibu wa simu yangu, tulifika Des Moines saa kumi kamili jioni. Kasoro ilikuwa moja tu: Des Moines yenyewe haikuwepo.

Mbele yetu palikuwa na mto mpana wenye rangi ya chai ya maziwa, na daraja jeupe la matao. Simu ikatangaza kwamba tumefika, kwa sauti ya mtoto aliyeshika namba moja darasani. Mke wangu akautazama mto, akanitazama mimi, kisha akautazama tena mto.

"Baba watoto," akauliza taratibu, "huyo swahiba wako anaishi majini?"

Sisi tunakaa Columbus, Ohio. Swahiba wangu, niliyesoma naye sekondari Tanga, anaishi Des Moines, Iowa, na kila kiangazi alikuwa akituita. Ni maili 650 hivi, zaidi ya kilomita 1,000. Mwezi wa nane mwaka jana nikaona yatosha, nikapakia mke, watoto wawili, chupa ya chai, ndoo ya maandazi na mayai ya kuchemsha ya kulisha harusi.

Mimi ni mtu wa kisasa, kwa hiyo simu niliiagiza kwa mdomo. Ila Kiswahili kimenilea kuamini kwamba herufi ikiandikwa hutamkwa, maana kama haitamkwi iliandikwa ya nini? Nikasema, "Desi Moinesi." Simu ikanyamaza. Nikapaza sauti, kama tufanyavyo kwa mgeni asiyejua lugha, "Moinesi!" Kijana wangu wa miaka tisa akacheka huko nyuma: "Baba, hizo s hazisomwi. Ni jina la Kifaransa."

Sikutaka kufundishwa na mtu niliyemfundisha kujifunga viatu, lakini nikapunguza s kimyakimya. "Moini," nikasema. Simu ikafurahi, ikaniambia mwendo wa saa saba na nusu. Swahiba alikuwa ameniambia kama saa kumi za kuendesha. Nikamhurumia. Siku zote ameendesha gari kama anayepeleka bibi harusi.

Nikampigia kumjulisha. Alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku, akapokea bintiye wa miaka kumi na miwili, mzaliwa wa Iowa. Kiswahili cha yule mtoto ni kama nguo ya Iddi: kizuri, ila hutolewa mara mbili kwa mwaka.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie baba tutafika saa kumi."

"Saa kumi. Sawa, anko."

Tukaondoka saa moja na nusu asubuhi. Hadi Indianapolis mambo yalikuwa shwari, na baada ya hapo yakaanza mahindi. Msomaji, usidhani umewahi kuona mahindi. Haya yalianza upande huu wa dunia yakaishia upande ule, hayana kichuguu, hayana mwembe, hayana hata mama mmoja aliyekaa kando ya barabara na jiko la mkaa. Ukipita Muheza, kabla gari halijasimama machungwa yameshaingia dirishani. Kule tulisimama kwenye kituo cha kupumzikia chenye choo kisafi kuliko sebule yangu na mashine ya kuuza biskuti, basi.

Tulipovuka kuingia Illinois, saa ya simu ilirudi nyuma saa nzima, maana kule majira hubadilika. Saa ya gari ikabaki Ohio. Kiyoyozi nacho, kwa kuona kila mtu anajiamulia, kikakata roho. Tukafungua madirisha, na hewa iliyoingia ilikuwa kama ya kufunua sufuria ya ubwabwa. Kijana wangu akatueleza, maana huyu mtoto ana majibu ya kila kitu, kwamba mahindi mengi kiasi kile hunyonya maji ardhini na kuyatoa kwenye majani, hata hewa ya eneo zima ikawa na unyevu. Wenyeji huuita jasho la mahindi.

"Yaani hata mahindi yanatoka jasho," mke wangu akasema, huku akijipepea na mfuniko wa ndoo ya maandazi. "Sisi ni nani?"

Ndivyo tulivyofika mtoni. Mto ule ni Mississippi, na mji ule ni Moline, Illinois, makao makuu ya kampuni ya matrekta ya John Deere, ambaye alihamia hapo mwaka 1848 bila shaka kwa kukusudia. Simu haikukosea. Nilisema Moini, ikasikia Moline. Na kwa kuwa Moline iko njia ileile ya Des Moines, sikupata hata kona moja ya kunishtua. Zilibaki maili 170.

Tukavuka daraja kuingia Iowa. Karibu na Walcott tukajaza mafuta kwenye kituo cha malori kinachojitangaza kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Kina kinyozi, kina sinema, kina daktari wa meno. Nilitafuta msuluhishi wa ndoa, sikumwona.

Sikumpigia swahiba. Ningemwambia nini? Kwamba mtu mwenye shahada ameshindwa kutamka mji? Maili zote 170 nilizitumia kutunga uongo. Nilianza na pancha, nikaenda kwenye ajali ya lori, nikatua kwenye foleni ya ukarabati wa barabara, ambayo kule kiangazi hakuna wa kuitilia shaka. Nilikuwa nimeshaipamba hadi rangi ya koni.

Saa moja na robo, jua bado lipo, tukabisha hodi. Kimya. Tukabisha tena. Swahiba amekasirika, nikajua, ametufungia nje.

Akatokea jirani, mzee wa Kizungu mwenye kofia ya kampuni ya mbegu. Akatusalimu kama tuliosoma wote, akaingia kwake, akarudi na mfuko wa mahindi yaliyochumwa asubuhi. Kule ndivyo wanavyomkaribisha mgeni. Mke wangu akafungua ganda, akabonyeza punje kwa ukucha, uso ukamshuka. Ni yale matamu, ambayo ukiyaweka kwenye mkaa huungua kabla hujapata ndimu, na ukiyatafuna ni kama mtu amemwagia sukari kwenye samaki.

Akamuuliza mzee kwa adabu: je, haya mengine, ya barabarani?

Mzee akavua kofia. "Mama, yale ni ya nguruwe."

Na kweli. Iowa ina watu milioni tatu na ushee na nguruwe zaidi ya milioni 20, na sehemu kubwa ya yale mashamba huishia kuwa chakula cha mifugo au mafuta ya magari. Mke wangu, mtoto wa Kiislamu wa Tanga, akatafakari kidogo, kisha akaninong'oneza: "Kilichoharamishwa ni yeye, si chakula chake."

Saa mbili na nusu swahiba akaingia na familia yake, mikono imejaa mifuko ya sokoni. Alipotuona kibarazani alishika kichwa. "Nisameheni jamani! Mmekuja mapema namna hii, na mimi sijawaandalia hata maji!"

Mapema?

"Binti aliniambia mnafika saa kumi," akasema, "nikajua usiku huu, saa nne yetu. Kwa umbali ule!"

Mtoto hakukosea. Aliambiwa kumi, akapeleka kumi. Saa ya Waswahili ilikuwa imenifutia dhambi zote za Moline. Nikamshika swahiba bega, nikamwambia asijali, ni jambo la kawaida, nimemsamehe. Kijana wangu akafungua mdomo. Mama yake akauziba kwa andazi.

Kesho yake mzee alileta gunia la yale ya nguruwe kutoka shamba la mdogo wake, yakiwa bado mabichi. Tukawasha mkaa. Punje zilikuwa ngumu kiasi, zina maziwa, zinalipa taya kazi ya kufanya, ndimu na pilipili zikakaa mahali pake. Mzee akapokea gunzi lake kama anayepokea hati ya mahakama. Akatafuna. Akanyamaza. Akaomba la pili.

Nawe ukipita Iowa mwanzoni mwa mwezi wa nane, usidanganywe na yale ya kwenye mifuko. Omba ya nguruwe. Na ukiulizwa unafika saa ngapi, sema saa kumi.